Kupata Vyakula na Utamaduni wa Asia Ukiishi Ujerumani: Mwongozo Kamili

Pilau ya kueleweka haitoki kwenye rafu ya viungo ya supamaketi ya Kijerumani. Utakuta vichupa vidogo vya bei ya kukata tamaa, iliki imekwishasagwa na harufu yake imekwenda zake. Ndiyo maana wengi wanaofika hapa kutoka Mombasa, Tanga, Unguja au Dar huanza kwa kuwaomba jamaa watume bizari, ilhali mtaa wa pili lipo duka la Mtamil au Mvietnamu lililojaa mifuko ya hiyo hiyo bizari.

Jiko la pwani na majiko ya Asia ni majirani wa bahari moja. Mchele, bizari, sambusa, chapati, achari na biriani vilipita kwenye majahazi kabla hatujazaliwa. Kwa Mswahili aliyeko Ujerumani, basi, duka la Kiasia ndilo stoo iliyo karibu kuliko zote. Ila Asia ni kubwa, na kila mji wa Ujerumani una Waasia wake waliofika kwa sababu yao. Ushauri wangu ni kuanza na watu: ukishajua nani anaishi karibu nawe na alifikaje, duka, mgahawa, hekalu na sherehe vitajifungua vyenyewe.

Hatua ya 1: Jua ni Waasia gani walio mjini kwako

Ukiwa Berlin, Leipzig, Dresden, Chemnitz au Rostock, anza na Wavietnamu. Mwaka 1980 Ujerumani Mashariki iliwekeana mkataba na Vietnam wa kuleta wafanyakazi wa viwandani, na kufikia 1989 walikuwa takriban 60,000. Ukuta wa Berlin ulipoanguka viwanda vikafungwa, kazi zikaisha, na pamoja na kazi vikaenda vitanda vya hosteli walimokuwa wakiishi. Wengi walirudi kwao. Waliobaki walijiajiri kwa kuuza maua, mboga, nguo na chakula. Ukiona leo duka dogo la mboga katika mji wa mashariki linaendeshwa na mama wa Kivietnamu mwenye umri wa bibi, mara nyingi historia yake ndiyo hiyo.

Moyo wa biashara hiyo ni Dong Xuan Center, Berlin-Lichtenberg, kwenye Herzbergstraße. Panda tramu M8. Mzanzibari akichungulia dirishani njiani atahisi amefika Michenzani, na hajakosea: magorofa yale ya Unguja yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki hiyo hiyo. Soko lenyewe ni safu ya mabohari marefu yenye namba, yakiuza kila kitu kuanzia kucha za bandia hadi samaki hai. Vyakula utavikuta katika supamaketi zilizomo ndani ya mabohari hayo. Jumanne hufungwa, kwa hiyo usipoteze safari.

Upande wa magharibi Wavietnamu wana historia nyingine. Wengi ni wakimbizi waliotoroka kwa mashua baada ya vita, na zaidi ya 10,000 kati yao waliokolewa baharini na meli ya Cap Anamur kuanzia 1979.

Düsseldorf ni mji wa Wajapani. Makampuni ya Kijapani yaliweka ofisi hapo tangu miaka ya 1950, familia zikafuata, na leo Immermannstraße, dakika chache kwa mguu kutoka stesheni kuu, imejaa maduka ya vyakula, mikate, vitabu na supu za tambi za Kijapani. Wakorea nao wamo mtaani humo.

Bonde la Ruhr, yaani Dortmund, Essen, Bochum, Duisburg na jirani zao, lina Watamil wengi wa Sri Lanka waliokimbia vita vilivyoanza 1983. Hawa nawapa nafasi ya juu kabisa kwa mpishi wa pwani, na nitaeleza sababu. Ruhr pia ndiko walikokwenda wachimba makaa wa Kikorea baada ya mkataba wa 1963, huku dada zao wakija kuwa wauguzi hospitalini.

Frankfurt ina maduka ya Kihindi, Kipakistani na Kiafghani pembeni ya stesheni, hasa Münchener Straße. München vivyo hivyo, Landwehrstraße na vichochoro vyake. Hamburg, tembea Steindamm utakutana na Waafghani, Wairani na Waturuki. Anayeuliza kwa nini mji wa bandari kubwa namna hiyo hauna mtaa wa Wachina ajue kwamba ulikuwepo, St. Pauli, kwenye Schmuckstraße. Tarehe 13 Mei 1944 polisi wa Hitler waliwakamata Wachina wa hapo, zaidi ya 120, wakawatesa na kuwapeleka kambini. Mtaa haukuinuka tena.

Kama mji wako sikuutaja, shuka stesheni kuu na uzunguke mitaa inayoizunguka. Kodi za maduka hapo zilikuwa nafuu wageni walipoanza kufungua biashara, na maduka mengi bado yako pale pale.

Hatua ya 2: Tafuta duka kwa jina linaloandikwa kibaoni

Kwenye ramani ya simu usiandike Kiswahili wala Kiingereza. Andika *Asialaden* au *Asiamarkt* kwa maduka ya Kivietnamu, Kichina na Kithai. Andika *Indische Lebensmittel* au *Tamil Shop* kwa bara Hindi na Sri Lanka. Andika *Afro-Asia-Shop* kwa lile duka la mchanganyiko ambalo ni neema ya mgeni: mara nyingi mwenyewe ni Mhindi, Mpakistani au Mwafrika, na ndani muhogo, ndizi za kupika na dagaa vinakaa ubavuni mwa tambi na bizari. Kisamvu kilichogandishwa hupatikana humo kwa jina la Wakongo, *pondu* au *saka-saka*.

Usiliache nyuma duka la Mturuki. Waturuki walianza kuja kwa mkataba wa kazi wa 1961 na wako karibu kila mji. Kwao utapata dengu, njegere kavu, bamia, kotmiri kwa mafungu makubwa, nyama ya mbuzi au kondoo, na bizari kwa mifuko badala ya vichupa.

Mambo ya kujua kabla ya kutoka nyumbani: Jumapili maduka karibu yote hufungwa kwa sheria, na la Kiasia kwa kawaida halina msamaha. Beba fedha taslimu, maana maduka madogo mengi hayapokei kadi kwa manunuzi madogo. Makopo na chupa za vinywaji za kutumika mara moja hutozwa amana ya senti 25 ambayo hurudishwa ukirudisha kopo tupu, basi usishangae risiti ikizidi bei ya rafuni.

La muhimu kuliko yote ni siku ya mzigo. Majani, matunda na mboga za ndege hufika siku maalumu za wiki, na duka zuri siku moja kabla ya mzigo linaonekana limekufa. Muulize mwenye duka, *Wann kommt frische Ware?* Akikujibu, iandike. Ukimzoea atakuwekea kando fungu lako.

Hatua ya 3: Ingia na orodha ya majina

Hapa ndipo sufuria nyingi huharibika, hasa kwa ajili ya mbegu tatu zinazofanana majina. *Kümmel* ni mbegu ya Kijerumani ya kutia kwenye mkate na kabichi. Inafanana sana na bizari nyembamba kwa sura, na ukiitia kwenye pilau umeipoteza pilau. Bizari nyembamba ni *Kreuzkümmel*. Habasoda ni *Schwarzkümmel*. Ukiwa na wasiwasi, tafuta mfuko wa Kihindi ulioandikwa *jeera* au wa Kituruki ulioandikwa *kimyon*, hapo huwezi kukosea.

Mengine hayana mtego: iliki ni *Kardamom*, karafuu *Nelken*, mdalasini *Zimt*, manjano *Kurkuma*, uwatu *Bockshornklee*, ukwaju *Tamarinde*, mchaichai *Zitronengras*, choroko *Mungbohnen*. Giligilani ni *Koriander*, iwe mbegu au majani. Unga wa dengu wa bajia ni *Kichererbsenmehl*, na dukani kwa Mhindi ni *besan*.

Unga wa ngano huuzwa kwa namba. Namba hiyo inaeleza kiasi cha madini yanayobaki unga ukichomwa, kwa miligramu katika kila gramu 100, kwa hiyo namba ikipanda unga unakuwa na pumba zaidi. *Type 405* ni wa keki. Kwa chapati zetu za kukunja na mafuta chukua *Type 550*, unavutika vizuri zaidi. *Atta* ya Kihindi ni unga wa ngano nzima, mzuri kwa chapati kavu za Kihindi, lakini chapati ya Kiswahili ikipikwa kwa atta tupu hukosa tabaka. Nachanganya nusu kwa nusu na sijuti.

Mchele: basmati kwa pilau na biriani, nunua mfuko wa kilo 5 au 10 kwa Mhindi au Mpakistani. Wa jasmini wa Kithai unafaa kwa wali wa nazi, ila punguza maji kwa sababu hulainika upesi. Ule mfupi wa Kijapani uache kwa kazi yake.

Sasa mboga, ambapo Wavietnamu watakufurahisha. Mchicha wanaula, wanauita *rau dền*. Matembele wanayala pia, *rau khoai lang*. Wakati wa joto hasa, ukipita kwenye maduka yao Berlin au Leipzig, chungulia kwenye maboksi ya karibu na mlango, mafungu yamefungwa kwa mpira na jina limeandikwa kwa kalamu tu. Wajerumani wengi hupita bila kujua ni nini. Wewe unajua.

Na Watamil? Duka la Mtamil lina majani mabichi ya kari, mlonge, fenesi, bamia, karela, ndizi mbichi, nguru wa barafu, na juu ya yote nazi iliyokunwa na kugandishwa. Chukua pakiti hiyo, iache iyeyuke, mimina maji ya moto, ponda kwa mkono, kamua kwa kitambaa: tui zito kwanza, tui la pili baadaye, kama ilivyo nyumbani. Hakuna kopo litakalokupa ladha hiyo.

Hatua ya 4: Soma lebo kabla ya kulipa

Ikibidi kununua tui la kopo, geuza kopo usome asilimia. Maandishi ya mbele yanasema *Kokosmilch* kwa wote, lakini nyuma moja litasema nazi ni asilimia 80 au zaidi na jingine litashuka hadi 50 na kitu, kilichobaki ni maji na vitu vya kulifanya zito. Litikise: tui zuri lililokaa mahali pa baridi halichezi ovyo, limejitenga na kuwa zito juu. Kwa mchuzi wa samaki chukua lenye nazi nyingi ulipunguze mwenyewe kwa maji.

Bidhaa zinazoingia sokoni lazima ziwe na maelezo ya Kijerumani, mara nyingi kwenye kikaratasi kilichobandikwa juu ya maandishi ya asili. *Mindestens haltbar bis* maana yake ubora umehakikishwa hadi siku hiyo, na baada yake chakula kikavu mara nyingi bado kinafaa. *Zu verbrauchen bis* ni mpaka wa kweli, hasa kwa nyama na samaki. Vitu vinavyodhuru wenye mzio, kama karanga, ufuta, samaki na soya, huandikwa kwa herufi nzito au za kukolea.

Kwa Waislamu kuna mengine. Mchuzi wa soya wa Kijapani huwa na kileo kidogo kutokana na kuchachuliwa au kuongezwa, na *mirin*, divai tamu ya mchele ya kupikia, ni kileo hasa. *Gelatine* isiyotajwa asili yake aghalabu ni ya nguruwe. *Schwein*, yaani nguruwe, ikionekana popote kwenye orodha, rudisha rafuni. Supu nyeupe nzito ya ramen iitwayo *tonkotsu* hutengenezwa kwa mifupa ya nguruwe hata kama juu umewekewa kuku. *Nem*, zile sambusa ndefu za Kivietnamu, kwa kawaida zina nguruwe pia.

Nyama halali hupatikana kwa wachinjaji wa Kituruki, Kiarabu na Kiafghani. Fahamu kwamba sheria ya hapa inakataza kuchinja bila kumzimisha mnyama kwanza, isipokuwa kwa kibali maalumu, ambacho Mahakama ya Katiba ilikubali mwaka 2002 kwamba mchinjaji Mwislamu anaweza kupewa. Nyingi ya nyama inayouzwa kama halali hapa, basi, ni ya mnyama aliyezimishwa, na nyingine imetoka nje ya nchi. Kama jambo hilo lina uzito kwako uliza waziwazi, *mit oder ohne Betäubung?* Mwenye bucha amezoea swali hilo.

Hatua ya 5: Hifadhi, hasa kama duka liko mbali

Majani ya kari yaoshe, yakaushe kabisa, yagandishe kwenye mfuko. Yatie kwenye mafuta ya moto yakiwa bado na barafu. Tangawizi, pilipili na mchaichai huvumilia friza vilevile. Bizari nunua nzima, kaanga na kusaga kidogo kidogo.

Anayeishi mji mdogo apange safari ya mwezi. Deutschlandticket, tiketi ya mwezi iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na ambayo bei yake imepanda tangu hapo, inakuruhusu kupanda treni za mikoa, tramu na mabasi nchi nzima, ila si zile treni za kasi za ICE. Beba begi la magurudumu na mfuko wa kutunza baridi. Mzigo mkavu na mzito, kama mchele na dengu, afadhali uagize mtandaoni. Vibichi chagua kwa macho yako.

Hatua ya 6: Kula nje bila kupewa chakula cha watalii

Vibanda vingi vya *Asia-Imbiss* hupika kwa ulimi wa Kijerumani: mchuzi mtamu wa machungwa, kuku wa kukaanga, tambi. Chakula hicho hushibisha, lakini usihukumu Asia kwacho. Mgahawa mzuri una menyu fupi, jiko moja badala ya matatu, na Jumamosi mchana umejaa familia zenye babu na watoto. Mgahawa unaouza sushi, tambi za Kithai na bata wa Kichina pamoja hauna jiko lake hasa.

Kwa Wachina uliza kama kuna menyu nyingine ya Kichina, au elekeza kidole kwa heshima kwenye meza ya jirani, *Das möchte ich auch, bitte.* Kuhusu pilipili, neno *scharf*, yaani kali, peke yake halitoshi, kwa sababu mpishi anakuona mgeni na kukupunguzia. Mwambie umezoea, na kwamba unataka kama anavyokula yeye. Siku za kazi mchana kuna *Mittagstisch*, sahani ile ile ya jioni kwa bei nafuu. Migahawa ya Kivietnamu yenye neno *chay* haipiki nyama kabisa, ni ya desturi ya Kibudha, na kwa Mwislamu anayetaka kula bila kuhoji kila kitu ni pa kukimbilia, ukiacha suala la kileo.

Hatua ya 7: Mizigo kutoka nje

Ukisafiri Asia au nyumbani, usirudi na nyama wala maziwa au bidhaa zake. Umoja wa Ulaya hauruhusu, na forodha wanachukua. Matunda na majani mabichi yanahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, nazi, ndizi, tende na doriani. Embe na majani ya kari hayamo katika orodha hiyo. Bizari kavu kwa matumizi ya nyumbani haina shida.

Hatua ya 8: Toka jikoni, nenda waliko watu

Kama una nafasi ya jambo moja tu kwa mwaka, nenda Hamm. Eneo la viwanda la Uentrop, karibu na barabara kuu ya A2, limesimama hekalu la Sri Kamadchi Ampal lililofunguliwa 2002, mnara wake umejaa sanamu za rangi katikati ya maghala ya kijivu. Kati ya Mei na Juni maelfu ya Watamil kutoka Ulaya nzima huja kwenye sherehe yake kubwa. Sanamu ya mungu mke hutolewa nje juu ya gari refu la mbao linalovutwa kwa kamba, nazi zinapasuliwa barabarani, moshi wa ubani unakufikia kabla hujaona kitu. Mgeni anakaribishwa. Vua viatu unapoingia hekaluni, funika mabega na magoti, usile nyama siku hiyo, na usipige picha mtu anayeomba bila idhini. Nje kuna vibanda vya vyakula na vitambaa, na hapo ndipo nilipoona jinsi akina mama wa Kitamil wanavyochagua majani ya kari: wanavunja jani moja, wanalisugua kwa vidole, wanalinusa, ndipo wanatoa pesa.

Berlin, shuka kituo cha U-Bahn, treni ya chini ya ardhi, cha Fehrbelliner Platz wikiendi ya majira ya joto. Upande mmoja uko Preußenpark, na eneo hilo lina soko la chakula lililoanzishwa na Wathai waliokuwa wakikutana na kula majanini. Hatua chache kutoka hapo, Brienner Straße, upo msikiti uliojengwa katika miaka ya 1920 na Waahmadiyya wa Lahore, kundi la kidini lililotokea bara Hindi, mkongwe kuliko yote iliyosimama Ujerumani leo, wenye kuba na minara ya mtindo wa Kimughal. Mbali kaskazini, Frohnau, kuna Das Buddhistische Haus ya mwaka 1924. Humboldt Forum katikati ya mji lina makumbusho ya sanaa ya Asia, na Köln ina Museum für Ostasiatische Kunst iliyoanzishwa 1909.

Anayependa filamu aangalie Nippon Connection ya Frankfurt, tamasha la sinema za Kijapani. Anayetaka kujifunza kupika, kuandika kwa brashi au kusema Kikorea aende *Volkshochschule*, shule ya watu wazima, ya mji wake. Ada ni za chini, na mwalimu mara nyingi ni mtu wa jamii hiyo atakayekuonyesha duka lake mwenyewe.

Weka tarehe mbili kwenye kalenda. Japan-Tag ya Düsseldorf hufanyika Mei au Juni kando ya Rhine, na usiku fataki za Kijapani hurushwa mtoni. Watu ni wengi mno, fika mchana na uamue mapema treni ya kurudi. Mwaka Mpya wa Wachina na Tết ya Wavietnamu huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20. Wiki ile kabla ya sikukuu maduka huwa na vitu ambavyo mwaka mzima huvioni, yakiwemo matawi ya maua na keki za wali zilizofungwa kwa majani. Siku yenyewe wenye maduka wengi wako na familia zao, kwa hiyo nunua mchicha wako mapema.